Wasifu wa Stanley bila tanbihi: nimeuziwa kiwiliwili, kichwa hakipo

Nyota moja, na hiyo ni ya mwandishi, si ya aliyeniuzia.

Nakala niliyonunua ni ya kielektroniki, ya wasifu wa Henry Morton Stanley, yule mpelelezi aliyevuka Afrika ya kati karne ya 19, alioutoa Tim Jeal mwaka 2007. Muuzaji ni mmoja wa hawa wanaoskani kitabu cha karatasi na kukigeuza faili la kusomea kwenye simu. Sura zote zipo. Tanbihi, yale maelezo ya mwisho wa kitabu yanayotaja chanzo cha kila dai, hakuna hata moja. Kuuliza, nikajibiwa kwa mkato: "Hayo ya nyuma hayasomwi na mtu, hadithi umeipata yote."

Hadithi! Jeal ana riwaya zake, lakini hii si riwaya. Kazi yake tangu wasifu wa Livingstone wa 1973, alipokuwa na miaka 28, ni kumchukua shujaa wa enzi za Malkia Victoria aliyepakwa sifa, kuzirudia barua na shajara zenyewe, na kuonyesha palipofichwa. Kwa Livingstone alituonyesha mmisionari mwenye mwongofu mmoja tu, Sechele, chifu wa Wakwena wa Botswana ya leo, naye akatengwa na ushirika baada ya mmoja wa wake aliokwisha kuwapa talaka kushika mimba yake. Akaja na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1989. Kwa Stanley alifunguliwa nyaraka za familia zilizoko Tervuren, Ubelgiji, na kitabu kizima ni kesi dhidi ya uongo wa Stanley mwenyewe. Mtu huyu alizaliwa John Rowlands, Denbigh, Wales, mwaka 1841, akakulia kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Yule tajiri wa New Orleans anayedaiwa kumfanya mwana, Jeal anasema hakumlea kamwe. Hata ile salamu ya Stanley kwa Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, inayojulikana dunia nzima, anasema huenda haikutamkwa, maana kurasa za shajara za tukio hilo zimechanwa. Sasa nitajuaje ni barua ipi, ya lini, iliyoandikwa kwa nani? Nitajuaje wapi Jeal anasoma na wapi anakisia? Majibu yote yalikuwa kwenye zile kurasa "zisizosomwa na mtu".

Nieleze kilichoharibika, kwa sababu si bahati mbaya, ni uvivu. Programu inayobadili picha kuwa maandishi mara nyingi haizitambui nambari ndogo zinazoandikwa juu ya mstari. Nambari inagandana na neno lililotangulia: 1871 yenye tanbihi ya 3 inakuwa 18713. Mtu mwenye haraka akiona tarakimu za ajabu, anazifuta zote kwa amri moja, kisha anaona zile kurasa za nyuma hazina kazi tena, anazikata. Faharasa wameiacha, lakini imekufa. Inataja kurasa, na faili hili halina kurasa. Maandishi yanajipanga upya kila ukibadili ukubwa wa herufi.

Haya, tumia kitufe cha kutafuta maneno. Hapo ndipo nilipochemka. Herufi d ikichapwa kwa wino hafifu husomeka cl, kwa hiyo Uledi, mshika usukani wa Lady Alice, mashua ya Stanley, amekuwa Ulecli. Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wake, amekatwa na kistari cha mwisho wa mstari, humpati hata ufanyeje. Neno la Kiingereza likikosewa, programu inalinganisha na kamusi yake na kulirekebisha. Jina la Mzanzibari halina kamusi ya kulitetea. Matokeo yake, Stanley unampata kila mahali, na Waungwana, wale wapagazi wa Zanzibar waliobeba safari yote kutoka Bagamoyo mpaka Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo, wanatoweka humo humo ndani ya kitabu kinachowataja.

Nakiri kwamba, hata kikiwa kimekatwakatwa hivi, kinasomeka. Sehemu za Mto Lualaba, yaani Kongo ya juu, zimenishika mpaka usiku wa manane, na nilifikia kuongeza nyota ya pili kwa ajili ya bei nafuu.

Naiondoa. Sura za Kongo zimenirudisha kwenye hasira. Jeal anatetea kwamba mikataba ambayo Stanley mwenyewe alifunga na machifu kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, haikudai mamlaka juu ya nchi yao, na kwamba iligeuzwa baadaye na wengine. Ni dai zito mno mbele ya yaliyowafika Wakongo, na mimi sijashawishika. Labda ningeshawishika, kama ningeona vielelezo. Kumpa msomaji utetezi wa namna hii bila ushahidi wake ni kumkosea msomaji, kumkosea Jeal, na kuwakosea Wakongo.

Anayetaka kununua, atafute nakala ya karatasi, hata iliyotumika. Kama ni lazima iwe ya kielektroniki, omba kwanza kuona mwisho wa faili. Faharasa ikifuata moja kwa moja baada ya sura ya mwisho, tanbihi zimetupwa. Zikiwepo, gusa nambari yoyote katikati ya sura: ikupeleke kwenye tanbihi yake, na ukigusa tena ikurudishe mstari uleule. Kisha andika Uledi kwenye kutafuta. Asipopatikana, andika Ulecli. Akitokea huko, funga, usilipe.