Wahudumu wa afya ya jamii Kenya: siri za nyumba yako wanazitunzaje?

Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye mitaani wengi humwita CHP, hubisha hodi akiwa na mkoba wa kipimo cha presha, mzani, kipimo cha sukari na simu. Serikali ya Kenya ilizindua mpango huu upya Septemba 2023 kwa kuwapa vifaa wahudumu wapatao 100,000, kila mmoja akipangiwa nyumba 100 hivi. Ubora wa matibabu yao ni mada ya siku nyingine. Hapa tunapima jambo moja tu: anayoyajua kuhusu nyumba yako huishia wapi. Tathmini yetu ni kwamba mfumo wa simu ni salama kuliko madaftari yaliyoutangulia, ila siri nyingi humwagika uani, kabla mhudumu hajagusa simu.

Tuanze na kinachochukuliwa. Katika usajili wa nyumba huandikwa majina ya wote wanaoishi humo, jinsia, umri, uhusiano wao, choo, maji ya kunywa, nani ana mimba, mtoto gani hajakamilisha chanjo na nani ana maradhi ya kudumu. Kwenye karatasi, daftari la kazi hiyo ni MOH 513 (MOH ni Wizara ya Afya), na hupaswa kufanyiwa marekebisho kila baada ya miezi sita. Huduma za kila siku huingia MOH 514. Msimamizi hujumlisha za wahudumu wake wote kila mwezi kwenye MOH 515, na kutoka hapo kwenda juu ni hesabu tupu, hakuna majina. Huo ni mpangilio mzuri, na si haba.

Simu ina programu ya eCHIS, yaani mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Hufanya kazi hata pasipo mtandao: taarifa hukaa ndani ya simu, kisha hutumwa mtandao ukipatikana. Mhudumu huona nyumba zake tu, za mwenzake wa kijiji jirani hazioni. Msimamizi huona kitengo chake, yaani eneo la wahudumu wake wote. Daftari halina uwezo huo, kwa kuwa anayelifungua husoma kurasa zote. Udhaifu uko kwenye kifaa chenyewe. Kwa kawaida programu haidai nywila kila inapofunguliwa, kwa hiyo kufuli ya skrini ndiyo mlango halisi. Simu isiyo na PIN, ambayo jioni watoto wa mhudumu huichezea, ni sawa na faili la hospitali lililoachwa mezani hotelini. Simu ikipotea, msimamizi aambiwe siku hiyohiyo ili akaunti ifungwe. Uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika lazima uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na saa hizo huanza kuhesabiwa uvujaji ukijulikana. Mhudumu anayesubiri wiki nzima kwa kuogopa kukatwa posho anaharibu zaidi.

Njia nyingine ya uvujaji ni picha. Mtandao ukigoma mwisho wa mwezi na ripoti inadaiwa, ukurasa wa daftari hupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Sasa majina yako yapo kwenye simu za wanakundi wote, na kwenye hifadhi zao za mtandaoni pia. Dawa ni rahisi: msimamizi hahitaji majina ili ajumlishe. Tuma hesabu kwa ujumbe mfupi, basi.

Lakini uani ndiko kwenye kasoro kubwa zaidi. Presha hupimwa chini ya mwembe, jirani wamekaa, na mhudumu anasoma kwa sauti "160 kwa 100". Swali la uzazi wa mpango linaulizwa mama mkwe akiwa hatua mbili tu. Mhudumu aliyefundishwa vizuri huomba kiti ndani, humwonyesha mgonjwa namba kwenye mashine badala ya kuitangaza, na maswali mazito huyaweka mpaka wabaki wawili. Hayo hayahitaji bajeti. Fomu yenyewe nayo ina tatizo: huruhusu mtu mmoja kujibu kwa niaba ya nyumba nzima. Baba humjibia binti wa miaka 19 kama ana mimba au hana. Binti huyo ni mtu mzima, na data ya afya yake ni yake. Sehemu hii ingefaa kurekebishwa kabla ya nyingine zote.

Rufaa ya kwenda zahanati huandikwa kwenye fomu MOH 100, na sehemu yake ya pili humrudia mhudumu ikieleza kilichofanyika na cha kufuatilia. Ibebe mwenyewe, usimpe wa bodaboda. Ufuatiliaji wa walioacha dawa za kifua kikuu au VVU unadai uangalifu zaidi, kwani Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu, na kuuliza langoni "mbona hukuja kuchukua dawa zako?" kunatosha kufichua. Hata ubao wa takwimu, MOH 516, unaweza kusema mengi. Kitengo huhudumia watu 5,000 hivi. Ukiandika kwamba aliyeacha dawa ni mmoja, kijiji kitamjua kabla ya jioni.

Chifu au mzee wa mtaa akiomba orodha ya wasichana wenye mimba, jibu ni hapana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na kifungu cha 46 kinaiweka chini ya mtoa huduma ya afya au mtu anayebanwa na wajibu wa kutunza siri. Dhuluma dhidi ya mtoto ina njia yake: afisa wa watoto, polisi, au simu 116.

Tangu Oktoba 2024 wahudumu haohao wamekuwa wakisaidia watu kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Hapo huingia namba ya kitambulisho, namba ya simu na maswali ya kipato yanayokadiria mchango wako. Ni vyema ujisajili mwenyewe kwa *147# ukiweza. Ukisaidiwa, usitaje namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu yako kabla hujaona inaidhinisha nini.

Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, kusahihisha zilizo na makosa, na kutaka za uongo zifutwe. Anza kwa mhudumu. Asipokusikiliza, nenda kwa msimamizi wake kwenye zahanati inayosimamia kitengo. Kisha kuna Ofisi ya Kamishna wa Data, inayopokea malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo na kupaswa kuyamaliza ndani ya siku 90. Andika tarehe, kilichosemwa na waliosikia. Na mhudumu wako akiacha kazi, muulize msimamizi daftari la zamani limekabidhiwa nani, kwa sababu mengi bado yamo majumbani mwa wahudumu wa jana.