Tathmini ya kozi ya mtandaoni: mbinu za utayarishaji kwa waandishi wa redio na televisheni

Kozi hii inaahidi kumfundisha mwandishi wa miswada yale anayopaswa kuyajua kuhusu studio, maikrofoni na kamera, ili asiandike jambo lisilorekodika au lisilosikika. Katika sehemu ya redio ahadi hiyo imetimizwa vizuri kuliko katika mafunzo mengine niliyowahi kuyapitia. Sehemu ya televisheni haifikii kiwango hicho, si kwa sababu walimu wake hawaijui kazi, bali kwa sababu wanamfundisha mwandishi kazi ya mwongozaji.

Somo la kwanza la redio halina nadharia yoyote. Mwanafunzi husikilizishwa mazungumzo yale yale yaliyorekodiwa mara mbili, kwanza mwigizaji akiwa karibu kabisa na maikrofoni, kisha akiwa amesimama hatua kadhaa nyuma yake, na papo hapo huelewa kwamba umbali nao una maana: sauti ya karibu humfanya msikilizaji ahisi kuwa anaambiwa siri, ilhali sauti ya mbali humfanya awe shahidi tu. Tangu hapo maelekezo mafupi kama «kwa mbali» au «anakaribia» hayaonekani tena kuwa mapambo ya mswada. Zoezi linalofuata ni gumu na lina manufaa makubwa, kwani mwanafunzi hupewa onyesho lenye wanaume wanne wa umri mmoja wanaobishana, naye hutakiwa kuliandika upya mpaka msikilizaji aweze kuwatofautisha bila kuwaona. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba redioni mhusika anayenyamaza kwa muda mrefu ni sawa na aliyetoka chumbani, na kwamba njia ya kumrudisha ni kumpa neno la kusema au kumfanya mwenzake amtaje kwa jina.

Masomo ya milio yamepangwa kwa ustadi vilevile. Walimu wanaonyesha jinsi karatasi ya selofani inayofinywa taratibu inavyotoa mlio wa moto, na wanga wa mahindi ndani ya mfuko unavyotoa mlio wa nyayo kwenye theluji, lakini wanasisitiza kwamba kuuchagua mlio ni kazi ya fundi, na kwamba mwandishi anawajibika kwa jambo jingine, nalo ni kuhakikisha mlio unatambulika. Mvua ikirekodiwa bila maelezo yoyote huweza kudhaniwa kuwa mafuta yanayochemka kikaangoni. Mwandishi asiye na uzoefu hulitatua tatizo hilo kwa kumfanya mhusika atangaze kuwa mvua inanyesha. Kozi inapendekeza sentensi kama «Funga dirisha, vitabu vinalowa,» ambayo inautambulisha mlio na wakati huohuo inaisukuma hadithi mbele.

Pungufu ninaloliona katika sehemu hii ni kukosekana kwa historia. Mchezo ambao Richard Hughes aliuandikia redio, ukatangazwa na BBC mnamo Januari 1924, uliwaweka wahusika ndani ya mgodi wa makaa ya mawe baada ya taa kuzimika, hivyo wao na wasikilizaji wakawa katika giza moja. Sijui mfano unaoeleza kwa ufupi zaidi namna ya kuugeuza udhaifu wa chombo uwe nguvu yake, na dakika chache za kuujadili zingetosha.

Katika televisheni, masomo ya awali yanaeleza picha ya mbali, ya kati na ya karibu, miendo ya kamera, na ule mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili ambao kamera haipaswi kuuvuka, la sivyo wataonekana kana kwamba wote wanatazama upande mmoja. Maelezo ni sahihi. Kasoro inaanza katika mazoezi, ambako mwanafunzi hupewa alama kwa kuandika amri ya kamera karibu katika kila mstari. Mtu akiandika «Picha ya karibu sana: mkono wa Asha unatetemeka juu ya kitasa,» amemwamuru mwongozaji na amemchosha msomaji, ilhali angeandika tu «Mkono wa Asha unatetemeka juu ya kitasa,» picha ya karibu ingejiunda yenyewe, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kutazamwa. Mwandishi anahitaji kuijua kamera ili achague kitendo kinachoonekana. Amri zenyewe ni za mswada wa kurekodia, ambao huandaliwa baadaye.

Hata hivyo, somo la gharama, ambalo kwa sababu nisiyoielewa limewekwa karibu na mwisho, ni bora kuliko yote ya televisheni. Linaeleza kwamba maonyesho hayarekodiwi kwa mfuatano wa hadithi bali kwa kufuata mahali, hivyo mwandishi anayekiita chumba kimoja «sebule» katika ukurasa wa pili na «chumba cha mbele» katika ukurasa wa 20 anaweza kumfanya mtayarishaji ahesabu seti mbili, yaani mandhari mbili za kuandaliwa kwa kurekodia. Linagusia pia utaratibu wa kamera nyingi, uliopata nguvu Marekani mwaka 1951 pale mpiga picha Karl Freund alipotumia kamera tatu za filamu kwa pamoja mbele ya watazamaji, akitandaza mwanga sawasawa ili kila kamera ipate picha nzuri. Mwandishi anayefanya kazi kwa utaratibu huo huwa na seti chache na maonyesho marefu, tena hana budi kumpa mwigizaji muda wa kubadili nguo kabla hajarudi.

Kuhusu urefu wa mswada, kozi inachukulia kama sheria kwamba ukurasa mmoja ni dakika moja. Huo ni ukadiriaji tu, tena unategemea mpangilio maalumu wa ukurasa wenye chapa ya Courier ya ukubwa wa 12. Ukurasa wa majibizano ya haraka huisha mapema, na mstari mmoja unaosema kwamba umati unavamia lango huweza kuchukua dakika kadhaa. Kwa redio walimu wanashauri kusoma kwa sauti huku saa ikihesabu, ushauri ambao wangeweza kuuhamishia pia kwenye televisheni.

Maoni ya wasahihishaji ni ya kina, ingawa huchelewa, na inashangaza kidogo kwamba video ya somo la uhariri wa sauti ndiyo yenye mwangwi mwingi kuliko zote. Kwa anayetoka kwenye uandishi wa hadithi za kusomwa, ningeshauri amalize sehemu yote ya redio kwanza, kisha aruke hadi somo la gharama kabla ya kurudi kwenye masomo ya kamera, na katika mazoezi ya kamera aandike matoleo mawili, moja lenye amri kwa ajili ya alama na jingine lisilo nazo kwa ajili ya kumpelekea mtayarishaji.