Nililipia kujifunza kutathmini walimu kwa haki, nikafundishwa kutafuta wastani

Walimu wakuu na wakuu wa shule wenzangu ambao mmeanza kutumiwa kipeperushi cha mafunzo ya kutathmini walimu darasani, yale yanayofanyika katika ukumbi mmoja wa Sinza, naomba msome haya kabla hamjamwomba mkurugenzi wa shule aidhinishe malipo. Mada, ada na ratiba vimo ndani ya kipeperushi chenyewe na sitavirudia. Nitakachoeleza ni jambo moja lililotokea pale, tena halikuchukua hata nusu saa, lakini mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Naongoza shule binafsi ya msingi upande wa Temeke. Kwetu tathmini ya mwalimu si karatasi ya kujaza kabati. Mwaka unapokaribia kuisha bodi huniuliza nani aongezewe mkataba na nani asiongezewe, na jibu langu hutegemea nilichokiandika nikiwa nimekaa kwenye dawati la nyuma darasani kwake. Wenzetu wa shule za serikali wana PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS zilizoanza mwaka 2004, na viongozi wao wanaweza kusomea uongozi wa elimu ADEM, Bagamoyo. Katika shule binafsi kila mmoja ana fomu yake, na nyingine zimenakiliwa kutoka shule jirani kwa haraka kiasi kwamba nembo ya jirani imebaki pembeni. Ndiyo maana nilikwenda kwa hamu, nikavumilia foleni ya Barabara ya Mandela bila kunung'unika.

Sitatenda haki nikificha kwamba asubuhi ya kwanza ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mthibiti ubora wa shule, na alianza kwa kutufundisha kutenganisha ushahidi na maoni. Ukiandika kwamba darasa lilichangamka, umeandika maoni. Ukiandika kwamba wanafunzi 6 ndio waliojibu maswali, na wote walikaa madawati ya mbele, umeandika ushahidi. Alitukataza kuweka alama yoyote kabla kipindi hakijaisha na kabla hatujasoma upya tulichokiandika. Alitueleza pia jinsi mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alivyogundua mwaka 1920 kwamba maofisa wa jeshi wanapowapima askari wao, alama za umbo, akili na uongozi hufuatana kupita kiasi, kana kwamba sifa moja njema imezivuta nyingine zote. Hapo kila mmoja ukumbini alimkumbuka mwalimu wake: yule anayewahi mstarini asubuhi, shati limenyooshwa, azimio la kazi na andalio la somo havina doa, shajara imejazwa, na ambaye hupewa alama za juu za ufundishaji kabla hajashika chaki. Nilicheka peke yangu, kwa sababu ninaye wa namna hiyo, na nina mwingine ambaye andalio lake husomeka kwa taabu lakini watoto wake wanaelewa hesabu.

Mafunzo yangeishia hapo, ningekuwa naandika sifa.

Baada ya chakula alikuja mwezeshaji wa pili, kijana mwenye haraka, akatuonyesha video ya kipindi cha Hisabati cha Darasa la Nne kuhusu sehemu. Mwalimu wa kwenye video alikuwa hodari wa kuuliza maswali, na aliwapa watoto karatasi wazikunje nusu na robo. Katikati ya kipindi msichana mmoja wa nyuma alisema kwamba robo ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2. Mwalimu alisema, "Mwingine?" Mvulana wa mbele akatoa jibu sahihi, darasa likampigia makofi, na somo likaendelea. Msichana yule aliendelea kuikunja karatasi yake mara ya tatu, mara ya nne, na hakuna aliyemwangalia tena.

Tulitakiwa kumpa mwalimu yule alama kuanzia 1 hadi 4 kwenye kigezo cha kupima uelewa wa wanafunzi na kurekebisha ufundishaji. Kila mtu aliandika alama yake kwenye kikaratasi, vikakusanywa, na kijana akaziorodhesha kwenye bango kitita. Zilikuwapo 4, zilikuwapo 1, na katikati palikuwa na kila kitu. Nilifurahi, nikijua kwamba sasa kazi ndiyo inaanza: waliotoa 4 waseme waliona nini, waliotoa 1 waseme waliona nini, kisha tukubaliane ni kitendo gani hasa kinachotenganisha 2 na 3. Kijana alitoa simu yake, akajumlisha, akagawanya, akapata 2.6. "Tuseme 3," alitangaza, akaizungushia duara.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, kabla hatujaendelea naomba aliyetoa 1 na aliyetoa 4 watusomee walichoandika."

"Mama, hapa hatuko mahakamani," alinijibu huku akifunika kalamu yake. "Wastani ndiyo haki yenyewe. Ukiwa na hoja zaidi tutaongea kwenye chai."

Baadhi ya watu walicheka. Mzee mmoja aliyekaa meza ya nyuma, mwalimu mkuu wa shule ya serikali huko Kigamboni, alijaribu kunisaidia. "Mwanangu, huyu mama ameuliza swali la msingi."

"Shikamoo, mzee," alisema yule kijana, kana kwamba salamu ni jibu, akabofya slaidi inayofuata. Kwenye chai hakuonekana. Tuliambiwa yuko ndani ya gari anapokea simu.

Inawezekana alibanwa na ratiba. Inawezekana pia alichoka, maana joto la ukumbi ule lilikuwa la kukaushia dagaa. Nimejaribu kumtafutia udhuru wa kila aina na kila mara narudi palepale, kwa sababu alichokifanya kinavunja msingi wa jambo lenyewe tulilolipia. Shuleni kwangu mwalimu hana ukumbi mzima wa watazamaji wa kumtafutia wastani. Ana mimi. Iwapo kwa kipindi kilekile mimi natoa 1 na mwenzangu wa Mbagala anatoa 4, basi mkataba wa mwalimu yule unategemea ni shule gani iliyomwajiri, wala si namna alivyofundisha. Wastani wa ukumbini haumsaidii chochote. Unatuficha sisi tusionekane jinsi tunavyopishana, na kila mmoja anarudi shuleni na kipimo chake kilekile alichokuja nacho, safari hii kikiwa na cheti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kijitabu chao wenyewe kinajua hivyo. Kurasa chache baada ya zoezi la video kinaeleza utafiti mkubwa wa Marekani uliofadhiliwa na Mfuko wa Gates na kuhusisha walimu wapatao 3,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2013. Ulionyesha kwamba kumleta mtazamaji wa pili huongeza uaminifu wa alama kuliko mtazamaji yuleyule kurudi kutazama kipindi kingine. Kinataja pia Teach, chombo cha Benki ya Dunia kilichotolewa mwaka 2019, ambacho hakimruhusu mtu kuanza kutazama madarasa mpaka afaulu mtihani wa kutoa alama kwa vipindi vya video na alama zake zikaribiane na zile za wataalamu. Sisi hatukupewa mtihani wowote. Bwana mmoja aliyelala usingizi wa wazi wakati wa video amepokea cheti sawa na changu, na chake wamepatia hata tahajia ya jina, wakati langu limekosewa.

Swali la yule mzee wa Kigamboni nalo lilipita bila jibu, na kwa kweli lilikuwa zito kuliko langu. Darasa lake moja lina zaidi ya watoto 100, na fomu tuliyopewa kwenye mafunzo inamtaka mwalimu apite kwenye kila kundi ndani ya kipindi cha dakika 40. Je, ampe alama ya chini mwalimu ambaye hana hata njia ya kupita kati ya madawati? Mtu anayejiita mtaalamu wa tathmini ya haki alipaswa kulishika swali hilo kwa mikono miwili. Lilifutwa pamoja na ubao.

Nilirudi shuleni nimenuna, nikaapa kwamba fomu yao sitaigusa. Hata hivyo, baada ya wiki kadhaa niliitoa kwenye mkoba, nikamwomba mwalimu wa taaluma tuingie pamoja kwenye kipindi cha Sayansi cha Darasa la Tano, kila mmoja akae kona yake, aandike ushahidi bila kuzungumza na mwenzake. Kwenye kigezo kilekile cha kupima uelewa yeye alitoa 3, mimi nikatoa 2. Tuliketi ofisini na madaftari yetu. Lake lilionyesha kwamba mwalimu alipima uelewa mara nyingi, langu lilionyesha maneno yenyewe: "Mmeelewa?" na darasa zima likajibu "Ndiyooo," kisha tena "Mmeelewa?" na tena "Ndiyooo," bila mtoto hata mmoja kutakiwa kuonyesha alichokielewa.

"Madamu, kwani hiyo si kupima?" aliniuliza.

"Nani aliwahi kukujibu hapana?" nilimuuliza.

Alifikiri, akacheka, na tukaandika pembeni ya fomu kwamba tangu siku hiyo "mmeelewa" ya darasa zima haihesabiki kuwa upimaji wa uelewa, isipokuwa inafuatwa na swali kwa mtoto mmoja mmoja au kazi ya kwenye daftari. Tulipomwita mwalimu mwenyewe kumpa mrejesho, hatukumwambia kwamba amepata 2 akaanza kujitetea. Tulimsomea kipindi chake kama kilivyokuwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia kwamba nyuma kuna watoto hakuwauliza kitu. Katika miaka yangu yote ya kukaa na walimu baada ya ukaguzi wa darasa, sikumbuki kikao kilichokwisha bila mtu kununa kama kile.

Kwa hiyo fomu ni nzuri, na alichotufundisha yule mama asubuhi ni kizuri kuliko fomu. Natamka hivyo kwa moyo mweupe. Lakini ndipo hasira inaporudi, maana tulichokifanya ofisini na mwalimu wa taaluma, tena chai ikiwa haijapoa, ndicho hasa nilichoomba kifanyike Sinza nikaambiwa hatuko mahakamani. Fedha ya shule ilitoka ili niongozwe kwenye zoezi hilo na mtu anayelijua, si ili nilibuni mwenyewe baadaye.

Nilikusudia kutoa nyota 1. Nilipofika kwenye habari za kipindi cha Sayansi nilitaka kupandisha hadi 4. Sasa nimeisoma tena ile "Shikamoo, mzee," na nimeweka 2. Mwalimu wangu wa taaluma anataka kuhudhuria awamu ijayo, na nimewaandikia waandaaji kwamba nitamlipia iwapo watanihakikishia kuwa zoezi la video litaongozwa na yule mama na kwamba alama zitajadiliwa kabla ya jambo jingine lolote. Wamenijibu siku hiyohiyo kwa adabu nyingi: wamenishukuru kwa kuwa mteja wao, wameambatisha ankara, na jina langu wamelikosea tena.