Miezi Saba ya Kutafuta Kazi Mtandaoni Nikiwa Nakuru: Uzoefu Wangu

Mimi ni karani wa hesabu, naishi Free Area hapa Nakuru. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kutembeza bahasha ya kaki, ofisi hadi ofisi, kuanzia Kenyatta Avenue mpaka eneo la viwanda. Ya pili nimeipata kwa simu, baada ya miezi saba.

Faida ipo, tena kubwa. Zamani kupeleka barua moja Nairobi kulikuwa safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda na kurudi, na huenda bawabu akakukatia njia getini. Sasa natuma maombi nikiwa jikoni, kwa bando la shilingi 50. Nilijisajili kwenye tovuti za kutafutia kazi, LinkedIn na BrighterMonday, na kila Jumanne nikawa nasoma MyGov, gazeti la matangazo ya serikali, ambalo mtandaoni ni bure. Nafasi ya Naivasha ambayo nisingeisikia popote niliiona siku ileile ilipotangazwa.

Mwezi wa tatu nikatapeliwa. Mtu alinipigia akijiita afisa wa ajira wa kampuni fulani. Alijua jina langu kamili, chuo nilichosoma, hata namba ya kitambulisho, kwa sababu vyote nilikuwa nimeviandika kwenye sivii. Ukaingia ujumbe: nimechaguliwa, nitume shilingi 1,850 za vipimo vya afya kabla ya saa kumi, zimebaki nafasi mbili tu. Nilituma. Saa kumi na nusu namba ilikuwa imezimwa. Zile zilikuwa pesa za chama, na ilinibidi niwaeleze akina mama wenzangu zimekwenda wapi.

Ndugu yangu unayetafuta kazi, nakusihi: anayekuomba pesa ili akuajiri, kata simu. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi hata senti kupokea maombi. Wakala wa ajira, hasa wanaopeleka watu nchi za Ghuba, ni lazima wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na majina yao utayapata kwenye mfumo wake wa mtandaoni uitwao NEAIMS. Angalia kwanza. Na namba ya kitambulisho iondoe kwenye sivii. Mwajiri wa kweli ataiomba akishakuita.

Lakini kilichoniumiza zaidi si zile 1,850. Ni kunyamaziwa. Nilikuwa na daftari la kurasa 96, nimelichora safu nne: tarehe, kampuni, kazi, jibu. Maombi 94. Safu ya jibu iliandikwa mara 11 tu, na kati ya hizo tatu zilikuwa mwaliko wa mahojiano. Unajaza fomu ndefu, unarudia kuandika yaleyale yaliyomo kwenye sivii uliyokwisha kupakia, mtandao unakatika ukurasa wa nne, unaanza upya. Kisha kimya. Hujui kama ulikosa alama moja au kama hakuna aliyefungua barua yako. Ukiketi na kimya hicho miezi, unaanza kudhani kasoro ni wewe.

Mwezi uliopita nimeuona upande wa pili. Bosi wangu, tunauza mbolea na mbegu kwa jumla, alitaka mtunza stoo, akaniachia kazi ya kupokea maombi. Kufikia siku ya tatu barua pepe zilikuwa 312. Kulikuwa na walimu, madereva, watu wa Busia na Mombasa. Wengine walituma faili tupu. Mmoja barua yake ilikuwa na jina la kampuni nyingine. Nami huku nahudumia wateja dukani. Nilielewa kwa nini wengi hawajibu, ila sikukubali kwamba haiwezekani.

Tuliyemchukua ni kijana wa Njoro. Aliandika mistari minne tu: alitunza kadi za stoo kwenye ghala la nafaka, akaeleza jinsi alivyogundua magunia sita yaliyokuwa yakihesabiwa mara mbili. Tangazo la kubandika mlangoni lisingemfikia huyo. Lakini najua pia kwamba kwenye rundo lile alikuwemo mchapakazi asiyejua kujieleza kwa maandishi, nasi tukampita.

Jioni hiyo nilibaki ofisini. Niliandika sentensi tatu: tumepokea maombi yako, nafasi imejazwa, asante kwa muda wako. Nikawatumia wote kwa pamoja, anwani zao nikizificha wasionane. Ilinichukua dakika arobaini, nyingi zikiwa za kunakili anwani. Kufikia asubuhi watu 28 walikuwa wameandika asante. Dada mmoja wa Bungoma alisema ndilo jibu la kwanza kupata tangu Januari.

Nilimsomea bosi barua ya dada huyo. Sasa tunatafuta dereva wa lori, na mstari wa mwisho wa tangazo letu unasema: hatutozi ada yoyote, na kila atakayeomba atajibiwa kabla ya tarehe 30.