Ringi ya kugeuza lenzi na tyubu za bei nafuu: kipi kinafaa kupigia picha za wadudu?

Haya, karibuni. Mezani leo tuna vitu viwili ambavyo ukizunguka maduka ya kamera hapa katikati ya Nairobi hutakosa kuonyeshwa: ringi ya kugeuza lenzi, na seti hii ya tyubu za chuma zisizo na pini za umeme, za kuweka kati ya kamera na lenzi. Bei yake kwa pamoja haifiki hata sehemu ya kumi ya lenzi halisi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Muuzaji atakuapia kwamba utapiga jicho la nzi, na hadanganyi, jicho utalipata. Ukubwa wa picha si tatizo. Tatizo ni tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, na mwanga wenyewe.

Hapa nina Canon ya sensa ndogo (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), upana wake milimita 22.3, na lenzi ya 50mm f/1.8 STM, ambayo wengi wenu mnayo.

Tyubu kwanza. Vipande ni vya milimita 7, 14 na 28, jumla 49, na zile ringi mbili za mwisho zinaongeza kidogo. Gawanya urefu wa tyubu kwa 50 ya lenzi: unapata karibu moja kwa moja, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 za sensa. Ukitaka kuhakikisha, piga picha ya rula. Milimita 22 zikijaza upana wa picha, umefika moja kwa moja. Zikijaza 11, ni mara mbili.

Sasa chungulia humu ndani. Hakuna pini hata moja, kwa hiyo kamera na lenzi hazisikilizani. Fokasi ya kujiendesha hakuna, na tundu linabaki wazi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa ukubwa huo, sehemu inayoonekana kali ni kama milimita 0.14 tu: unywele mmoja wa nzi utauona vizuri, nzi mwenyewe ni ukungu.

Dawa ipo, ila inachosha. Funga lenzi kwenye kamera bila tyubu, fokasi iwe mbali kabisa ili shingo ya lenzi irudi ndani, maana fokasi ya STM huendeshwa na mota ya umeme, na lenzi ikishatoka kwenye kamera, kuzungusha ringi ya fokasi ni kazi bure. Weka Av, ambapo wewe unachagua tundu, kisha f/8. Shikilia kile kitufe cha kuonea kina cha picha (ile sehemu iliyo kali), na bila kukiachilia, bonyeza kitufe cha kufungulia lenzi uichomoe kamera ikiwa imewaka. Tundu linabaki dogo. Ukitaka f/5.6 unarudia yote upya, kamera ikiwa wazi, na vumbi la Januari mnalijua.

Halafu chuma cha ndani kinang'aa. Piga ua jeupe uone doa la weupe linavyokaa katikati ya picha. Bandika kitambaa cheusi cha mahameli ndani, au karatasi nyeusi isiyong'aa. Kabla ya kufunga, puliza nyuzi za skrubu, kwa sababu vipande hivi huja na chembe za chuma na zikidondoka zitaishia kwenye sensa. Tyubu zikigoma kufunguka, usizibane kwa nguvu, zitapinda na kukwama zaidi. Zungushia mpira wa kufungia noti, kisha zungusha taratibu.

Ringi ya kugeuza ndiyo ninayoipenda. Lenzi inafungwa kinyumenyume, na kadiri ilivyo fupi ndivyo inavyokuza: 50mm kama mara moja, 28mm kama mara mbili, 18-55 ikiwa kwenye 18 inapita mara tatu, na hapo mkono wa kawaida hauwezi. Nunua kwa namba iliyo usoni pa lenzi: 49 kwa hii 50mm, 58 kwa 18-55. Nyuzi za lenzi hizi ni za plastiki, kwa hiyo zungusha kinyume kwanza hadi usikie zimekaa, ndipo ukaze. Na lenzi nzima sasa inaning'inia kwenye shingo yake. Ishikilie kwa chini.

Kioo cha nyuma nacho kimeelekea kwenye nyasi. Hapo ndipo seti ya tyubu inapata kazi ya maana: funga kipande cha 7 pamoja na ringi ya upande wa lenzi, kiwe kofia ya kukinga kioo.

Na hili wauzaji huwa hawalisemi: lenzi ikigeuzwa, haijalishi ilitengenezewa kamera gani. Lenzi kuukuu ya 28mm ya Nikon AI, yenye ringi ya tundu, itafanya kazi kwenye Canon yako kwa ringi ya 52. Tundu unazungusha kwa kidole, basi. Ukiwa dukani, ishike mkononi, zungusha ringi hiyo na uangalie kama tundu linafunga. Za Canon FD, kwa mfano, hazifungi hivihivi. Mulika tochi ndani pia, ukiona utando wa kuvu, mrudishie.

Usijidanganye na f/16. Ukikuza mara mbili, f/8 inafanya kazi kama f/24, na ukifunga zaidi picha nzima inalegea. Baki f/5.6 hadi f/8, ukubali kina cha kama robo ya milimita, na uongeze mwanga. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200, flashi 1/8 ya nguvu yake, na karatasi nyeupe ya jikoni mbele yake, karibu na mdudu uwezavyo. Kabla ya kununua flashi, kagua pale inapokaa juu ya kamera: Canon 250D haina pini ya katikati, flashi nyingi za bei rahisi hazitalipuka.

Chukua jani la sukuma wiki lenye vidukari, wale wa milimita mbili hivi. Shika jani kwa mkono wa kushoto, laza lenzi juu ya mkono huohuo, vitikisike pamoja. Usiguse fokasi, sogeza kamera mbele na nyuma, ubonyeze jicho likiwa kali. Flashi ikichelewa kujaa, shusha hadi 1/16 na upandishe ISO hadi 400.