Taa ya LED ya mimea ya tanki la samaki: miezi minane nayo hapa Mbeya

Mimea ilishaniozea mara tatu kabla sijanunua taa hii. Tanki langu ni la lita 60, lipo sebuleni, na kwa muda mrefu nilitegemea balbu ya darini. Samaki waliishi vizuri. Mimea ndiyo ilikuwa inageuka njano, inalainika kama mchicha uliopitiliza jikoni, kisha majani yanaachia shina moja moja. Novemba nikaagiza taa ya wati 18 kutoka Dar, ikaja kwa basi. Pamoja na gharama ya mzigo nilitoa shilingi 65,000.

Ni bapa jembamba la alumini lenye miguu miwili ya kuvuta, inayokaa kwenye kingo za kioo. Ina mwanga mweupe, mwekundu na wa bluu, kitufe cha kupunguza mwanga, na taimer ya ndani ya masaa 6, 10 au 12.

Mwezi wa kwanza uliniumiza. Niliiwasha kwa nguvu zote, masaa 12 kila siku, nikiamini mwanga mwingi ni chakula kingi. Haikupita wiki mbili kioo kikawa kijani na majani yakavaa nyuzi za mwani. Mmea hauli mwanga peke yake. Unahitaji pia kaboni dioksidi na madini. Tanki lisilo na mtungi wa gesi hiyo lina kaboni dioksidi kidogo tu ndani ya maji, kwa hiyo mwanga ukizidi, mmea unashindwa kuutumia na mwani ndio unaofaidi. Nikashusha mwanga hadi nusu, muda ukawa masaa 6. Baada ya wiki kama tatu mwani ulikuwa umepungua, na valisneria, yale majani marefu kama utepe yanayoota hata Ziwa Nyasa, ikaanza kutambaza vikonyo na kuzaa miche pembeni. Nilivyofurahi siku ile!

Kasoro kubwa ni taimer yake. Inahesabu tangu taa ilipowashwa, haijui saa ya ukutani. Umeme ukikatika mchana ukarudi usiku, inaanza kuhesabu upya na samaki wanamulikwa hadi alfajiri. Nimeacha kuitumia. Nilinunua soketi ya taimer yenye betri yake ndogo ndani, ambayo haipotezi majira hata umeme ukikatika, nikaiweka iwashe saa nne asubuhi na kuzima saa kumi jioni. Miguu nayo imeanza kutu kwenye skrubu kwa sababu ya mvuke wa maji. Naifuta kila ninapobadilisha maji.

Jambo jingine, taa haiwezi kuokoa mmea uliopandwa vibaya. Anubiasi yangu ya kwanza niliifukia kwenye changarawe hadi shina, ikaoza. Lile shina nene linalolala linatakiwa kubaki wazi. Hii ya sasa nimeifunga kwa uzi kwenye jiwe la volkano kutoka upande wa Tukuyu, lile lenye vitundu, na mizizi imeshika hata uzi nimeshautoa. Inakua polepole sana, jani moja kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mwanga mdogo unaitosha kabisa.

Mwezi wa nne majani ya zamani yalitoboka vitundu vidogo vyenye ukingo wa njano, dalili ya upungufu wa potasiamu. Jirani yangu, mzee anayelima viazi Uyole, aliniambia kwa nia njema: "Mwanangu, nyunyiza urea kidogo tu." Nilimshukuru, ila sikufanya, na nawasihi msifanye. Urea ndani ya maji huvunjika kuwa amonia, na amonia inaua samaki. Nilitumia mbolea ya maji ya mimea ya tanki, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki baada ya kubadilisha robo ya maji. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo siku nzima kwanza ili klorini itoke. Matundu ya zamani hayazibi, lakini majani mapya yametoka mazima.

Taa hii naipendekeza, kwa sharti la kuongeza soketi ya taimer. Wapo walioniuliza, hasa wa Njombe na Makete, waanze na taa au na hita ya kupasha maji ya tanki. Kwa baridi ya kwenu, anzeni na hita. Juni hii niliizima yangu siku mbili kuisafisha, maji yakashuka hadi nyuzi 17, na valisneria iliyokuwa inarefuka kila siku ikasimama pale pale, taa ikiwa inawaka kama kawaida. Niliporudisha maji kwenye nyuzi 24, ilichukua siku tano kutoa jani jingine.