Likizo ya Juni, binti yangu kazini: huduma ya kutafutia wanafunzi nafasi za kujifunza kazi hapa Dodoma

Juni iliyopita nililipa Sh 35,000 kwenye ofisi moja hapa mjini inayowatafutia wanafunzi wa sekondari nafasi za kujifunza kazi wakati wa likizo. Binti yangu yuko kidato cha tatu, ana miaka 16. Jina la ofisi silitaji kwa sababu nina lawama nao, na lawama yenyewe nilishawapelekea ana kwa ana. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaonisimamisha pale soko la Majengo, ninapouza dagaa na mchele, wakiniuliza kama huduma ile inafaa. Inafaa. Lakini kuna jambo moja mzazi ulisimamie mwenyewe kabla hujatoa hela, na mimi mara ya kwanza sikulisimamia.

Kwanza niseme kwa nini nililipa, maana baba yake aliona napoteza pesa. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, sisi wa hapa tuliambiwa watoto wetu watafaidika. Ofisi kweli zimekuja. Ukipita Mtumba unaziona wizara zimejipanga. Ila mtoto wa muuza dagaa anaingiaje humo? Akifika getini mlinzi anamuuliza, "Unamfuata nani?" Hana wa kumtaja, basi anarudi. Watoto wa wenye kazi wanaye wa kumtaja, mjomba au shangazi. Ile 35,000 nilikuwa nanunua jina la kutaja getini.

Na walikuwa wameupanga muda vizuri. Dodoma ina vyuo vingi: UDOM, Chuo cha Mipango, CBE, St. John's. Ikifika Julai na Agosti wanafunzi wa vyuo wanamwagika kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na kila ofisi inajaa. Juni bado kuna viti. Yule kijana wa ofisini alinieleza hivyo bila kuulizwa, nikaona huyu anaijua kazi yake.

Makaratasi hayakusumbua. Barua ya utambulisho kutoka shuleni yenye mhuri, picha mbili za paspoti, fomu ya ridhaa ya mzazi, kopi ya kadi ya bima. Siku mbili tukamaliza.

Shida ilianza Jumatatu. Walimpeleka kwenye duka la steshenari karibu na chuo kimoja. Kwenye fomu iliandikwa atajifunza "shughuli za ofisi na kompyuta". Kompyuta aliigusa mara moja tu, alipoambiwa aifute vumbi. Asubuhi anafagia, saa nne anatumwa chapati, mchana kutwa amesimama kwenye mashine ya fotokopi na foleni ya wanafunzi inamkodolea macho. Akiuliza mashine inabadilishwaje wino anaambiwa, "Hiyo siyo kazi yako." Jumatano alitoka pale saa moja na nusu usiku, akafika nyumbani Nkuhungu saa mbili imeshapita. Nilimkuta mlangoni amekaa na viatu vyake mkononi, hasemi kitu.

Mimi sijasoma sheria, lakini mwalimu wake wa uraia aliwahi kuwafundisha na binti ana daftari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Pale dukani walikuwa wanamwachia mpakani kabisa. Nikaipiga namba ya mwenye duka iliyokuwa kwenye fomu. Haikupokelewa. Nikapiga tena kesho yake asubuhi, kimya.

Nikafunga meza yangu, nikaenda ofisini kwao. Namshukuru Mungu sikupandisha sauti. Nilimuuliza yule kijana swali moja: "Mwanangu, pale dukani mlimkabidhi mtoto kwa nani?" Akafungua kompyuta, akatafuta, akaniambia mwenye duka alikubali kwa simu. Hawakuwa wamefika. Hakukuwa na mtu pale aliyejua kwamba kazi yake wiki hizo ni kumfundisha mtoto wangu. Hapo ndipo lawama yangu ilipo, na ni lawama kubwa, maana kitu cha kwanza wanachouza watu hawa ni uaminifu wa mahali wanapompeleka mtoto wa mtu.

Lakini walichofanya baadaye kiliniridhisha. Hawakubishana. Ijumaa walimtoa, na mama mmoja mtu mzima wa pale ofisini akapanda daladala pamoja na sisi kwenda kwenye kampuni ya upimaji ardhi. Tukakalishwa. Akaitwa fundi sanifu, dada wa miaka thelathini hivi, akaambiwa mbele yetu: huyu mtoto ni wako kwa wiki mbili zilizobaki, ataanza saa mbili asubuhi, saa tisa na nusu anaondoka. Wakaandika kwenye karatasi mambo matano atakayojifunza. Yule dada akaisoma, akafuta moja, akasema, "Hili la kuendesha mashine peke yake hapana, tutafanya wote." Nilimpenda hapohapo.

Kwa asiyeijua Dodoma ya sasa, upimaji wa viwanja ndiyo kazi yenyewe. Mji unakua kwenda kila upande na kila anayehamia anatafuta kiwanja. Binti alikuwa anapelekwa Nala, barabara ya Singida. Juni kule baridi ya asubuhi inakata na upepo hauna huruma, nikampa sweta la baba yake.

Kazi yake ilikuwa kushika fimbo yenye kioo juu yake. Mashine inasimama kwenye miguu mitatu mbali huko, inatuma mwanga, kioo kinaurudisha, na mashine inajua umbali. Fimbo ina kitone cha hewa ndani ya maji kama ile pima-maji ya mafundi wa nyumba. Kitone kikitoka katikati, kipimo kimeharibika na bikoni, ile alama ya kona ya kiwanja, itakaa mahali pasipo pake. Siku ya kwanza mkono ulimtetemeka mpaka dada akaja kumwonyesha namna ya kutanua miguu na kuegemeza kiwiko. Jioni nikamkuta sebuleni anasimama hivyo na ufagio.

Siku ya tatu walifika pembeni ya shamba la bibi mmoja, mtama umeshavunwa, mabua yamesimama. Yule fundi kwao si Dodoma. Bibi alikuwa na wasiwasi, anadhani wamekuja kumnyang'anya. Binti yangu akamwendea, akamsalimu "Mbukwenyi," wakaongea Kigogo, akamweleza wanapima cha jirani na wanataka yeye mwenyewe aonyeshe mpaka wake ulipo. Bibi akawapeleka mpaka kwenye mti. Kile Kigogo anachoongea na mama yangu jikoni, na ambacho shuleni anakionea aibu, siku ile kiliifungua kazi ya watu wanne. Alinisimulia mara tatu usiku ule. Mpaka leo nikiandika machozi yananilenga.

Halafu hesabu. Mtoto huyu alishaniambia pembetatu hazimsaidii mtu yeyote duniani. Wiki ya pili yule dada alimwonyesha namna ya kuhakiki pembe ya kiwanja kwa kamba tu: mita tatu upande huu, mita nne upande ule, na kona kwa kona lazima zije tano kamili. Zisipokuja, kona imepinda. Nyumbani akachukua kamba yangu ya kufungia magunia, akapima uwanja wetu. Kona ya choo imepinda. Baba yake, aliyekuwa amekuja mapumziko kutoka Manyoni, alisimama kutazama, na hakusema tena habari ya pesa kupotea.

Gharama nyingine hawakuziandika popote, na wazijue wazazi. Nauli ya mwanafunzi ni Sh 200, lakini likizoni hajavaa sare na kondakta hamtambui, anadai nauli ya mtu mzima. Waliniambia baadaye kwamba angeweza kuvaa sare na kubeba kitambulisho cha shule, wangesema mapema. Chakula cha mchana pia ni juu yako, na kule Nala hakuna mama lishe karibu, kwa hiyo ni kubeba kutoka nyumbani. Nililipa pia viatu vya kufunika vidole, kwa ajili ya mbigili. Na taarifa zao zote zinapita kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi mwenzangu wa Chamwino ana kitochi, simu isiyo na WhatsApp, alisikia habari ya kikao siku mbili baada ya kikao kwisha. Wampigie simu mtu huyo, ni dakika moja.

Cheti walichotoa ni kizuri kwa macho, kina mhuri, kinasema alihudhuria. Mimi nakithamini zaidi kile alichoandika yule fundi kwa mkono nyuma ya karatasi ya mambo matano: lipi binti analiweza peke yake, lipi analiweza akisimamiwa, lipi bado. Aliandika pia, "Anauliza sana, aachwe aulize." Nimekiweka kwenye bahasha moja na cheti chake cha kuzaliwa.

Ningewapa nyota nne. Ya tano wameipoteza kwenye lile duka, na nimewaambia wakaifuate kwa miguu yao kabla ya kumpeleka mtoto mwingine.

Desemba nimemwandikisha tena, na mdogo wake wa kidato cha kwanza ameshaanza kuulizia zamu yake, nimemwambia asubiri afike 14. Safari hii kabla ya kulipa nilisogeza fomu mbele ya yule kijana, nikamwambia aniandikie mtoto atamfuata nani. Akaandika kwa kalamu, jina na namba ya simu. Nikapiga nikiwa nimekaa palepale. Akapokea mlio wa pili, akasema, "Shikamoo mama, nilikuwa naisubiri simu yako."